Kuni Kavu na Kipimo cha Kichwa

Usiku wa kuamkia Jumamosi iliyopita, dhoruba iliyotoka upande wa ziwa iliangusha mfenesi mzee katika kiwanja cha jirani yetu hapa Makindye, kwenye mteremko unaoelekea Lukuli. Wanafunzi wangu wanaopita njia ile wanaujua mti huo. Chini yake huuzwa chapati asubuhi na muda wa maongezi wa simu jioni, na juu yake hutua kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara ambao Kampala imewazoea kama ilivyozoea foleni za magari. Kulipopambazuka mti ulikuwa umelala juu ya ua wa michongoma, mizizi yake ikielekea mbinguni. Kabla ya saa tatu watu walikuwa wamekwisha kufika na mapanga.

Mwenye kiwanja, mzee wa maneno machache, alisimama mlangoni akatoa hukumu yake: matawi ni ya majirani, shina ni lake, na mtu yeyote asiguse mparachichi uliosalimika pembeni. Basi nasi tukaenda, familia nzima: mume wangu na shoka la kuazima, mdogo wangu wa kike na panga, mimi na kamba, pamoja na watoto wawili wa kaka yangu wanaokaa nasi, mvulana wa miaka kumi na minne na dada yake wa miaka kumi na mmoja.

Anayefikiri kwamba mfenesi hukatwa kama muhogo na ajaribu. Utomvu wake mweupe hunata kwenye panga, hunata viganjani, hunata katika nywele za asiyejifunga kitambaa, nao hautoki kwa sabuni. Ilitubidi tufute bapa la panga kwa mafuta ya taa kila baada ya muda. Tawi nene lilipopasuka tuliona moyo wake wa rangi ya manjano, mzuri kiasi cha kumtia mtu huruma. Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya kukaa kitini, alichoka kabla ya saa nne na kukumbuka ghafla kwamba kuna mtu wa kumpigia simu. Kijana akalishika shoka. Nikamwonyesha jinsi ya kusimama: miguu ipanuke, pasiwe na mtu mbele wala nyuma, na shoka lishuke kwa uzito wake lenyewe, si kwa hasira ya mwenye kulishika. Dada yake nilimweka mbali, akikusanya fito na kuzipanga kwa urefu.

Hapa niruhusuni nifanye kazi yangu ya ualimu kidogo. Kiswahili hakina neno moja tu kwa shughuli hii. Tunatema mti kwa shoka au panga, tunachanja kuni tunapolipasua gogo kwa kufuata nyuzi zake, tunasenya kuni tunapozikusanya porini, tunazifunga tita, tunamtwika mwenzetu tita hilo juu ya ngata, naye akifika tunamtua. Maji tunateka, kuni tunasenya. Atakayesema kwamba ameteka kuni atachekwa Unguja na Mombasa, ingawa Makindye hakuna atakayemsuta. Ukuni ni mmoja, kuni ni nyingi. Nanyi mnaozungumza Luganda mtawatambua ndugu hapa bila kusaidiwa: oluku na enku, ngata na enkata, mafiga na amasiga. Lugha hizi mbili zilikaa jiko moja zamani sana.

Jumatatu nilisimulia habari hizi katika chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, akaniuliza kama sijui kwamba hiyo ni ajira ya watoto: mtoto wa mjini utampaje shoka? Mwingine akaongeza kwamba kukata kuni ni mambo ya kijijini, na kwamba wajibu wetu ni kuwafundisha watoto kuitunza miti, si kuikata. Maneno yao yamenisumbua wiki nzima, kwa sababu yana ukweli ndani yake, na bado naona wamekosea. Maoni yangu ni haya: mtoto anayekwenda kuni pamoja na wazazi wake, siku isiyo ya shule, akafundishwa nini achukue na nini aache, anapata somo la uraia ambalo darasani sina njia ya kulifundisha. Anajifunza kiasi. Misitu ya nchi hii haikumalizwa na watoto wanaosenya kuni. Ilimalizwa na watu wazima wasiojua kiasi, na wengi wao hawajapata kushika shoka maishani mwao.

Nami sikuzaliwa nikiyajua hayo. Desemba mwaka 2006 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Likizo ndefu tulipelekwa kwa jjajja, kijijini, kando ya msitu mmoja wa hifadhi ambao sitautaja jina. Mara mbili kwa wiki ssenga wetu, dada yake baba, alituongoza kwenda kuni: wasichana wanne, na mvulana mmoja aliyekuwa mdogo mno kuweza kukataa. Kaka zangu wakubwa walibaki wakicheza mpira, wala hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Nitalirudia baadaye.

Ssenga hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na sheria zake, na alizisimamia kwa ukali kuliko hakimu. Kijiti huvunjwa kwanza: kikilia, ni chetu, kikipinda, ni cha msitu. Tawi lililoanguka lenyewe huchukuliwa kabla ya lile lililokauka mtini. Gogo lililooza na kuota uyoga huachwa, kwa kuwa lina wenyewe. Na mutuba hauguswi kamwe, hata kama tawi lake limekauka kama mfupa.

Sababu ya katazo hilo la mwisho alitueleza tukiwa njiani. Mutuba ndio mti unaotoa gome la kutengenezea lubugo, nguo ya asili ya Waganda, ufundi ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Gome hubanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba kama kidonda kifungwavyo, kisha mti huota gome jipya na kutoa tena mwaka mwingine. Tena ukoo wa Kiganda wenyewe umegawanyika katika masiga, na kila siga limegawanyika katika mituba. Wazee walichukua figa la jikoni na mti wa nguo wakavifanya majina ya kuhesabia jamaa. Ssenga aliuliza: je, mtu atapikia jamaa zake kwa kuwachoma jamaa zake? Sisi tulicheka tu, maana tulikuwa na njaa.

Miaka mingi baadaye nilisoma maisha ya Wangari Maathai wa Kenya, mwanzilishi wa Green Belt Movement mwaka 1977 na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Naye anasimulia kwamba alipokuwa mtoto, mama yake alipomtuma kuni alimkataza kuokota hata kijiti kikavu cha mugumo, kwa kuwa Wakikuyu waliuheshimu kuwa mti wa Mungu. Alipokuwa msomi ndipo alipotambua kwamba mizizi ya mti ule ilishikilia udongo wa mteremko na kuzilinda chemchemi. Mutuba na mugumo ni miti ya jamii moja. Sikushangaa basi kwamba wanawake wawili waliotengana kwa mpaka na kwa lugha walitoa katazo moja kwa watoto wao waliokuwa wakienda kuni. Katazo hilo halingeweza kutolewa mahali pengine: mtoto asiyekwenda kuni hana sababu ya kuambiwa mti upi usiguswe.

Siku moja tulipokuwa tukitoka msituni, mwanamume aliyevaa koti refu na buti alitusimamisha njiani. Alisema kwamba kuni zile ni za serikali. Ssenga akatua mzigo wake, akapiga magoti kama ilivyo desturi yetu, akamwambia, “Ssebo, ni kavu tu.” Yule bwana hakujibu. Aliyahesabu matita, akataja bei. Ssenga akafungua fundo la leso yake, akatoa fedha ya chumvi na mafuta ya taa, akampa kwa mikono miwili. Na panga letu zuri likaenda pamoja na fedha hiyo. Usiku ule tulikula viazi visivyo na chumvi. Hata leo sijui kama mtu yule alikuwa mlinzi wa msitu au laghai aliyejua kuvaa koti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Mwanamke mzima, mwenye akili na heshima zake, alipigishwa magoti mbele ya wanawe, na hakuwa na njia ya kumtambua aliyempigisha kama ni mlinzi au mwizi, kwa kuwa hakuijua sheria.

Na sheria ilikuwapo. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ilitungwa mwaka 2003. Siku ile ilikuwa imetimiza miaka mitatu. Kifungu chake cha 33, kwa hesabu ya sheria ilipotungwa, kinaeleza kwamba mtu wa jamii ya mahali hapo anaweza kukata na kuchukua katika msitu wa hifadhi, bila kutozwa ada, kiasi cha haki cha kuni kavu au mianzi kwa matumizi yake ya nyumbani, mradi asikiuke mpango wa usimamizi wa msitu huo. Ssenga alikuwa mtu wa mahali hapo. Kuni zilikuwa kavu. Matumizi yalikuwa ya nyumbani. Alilipia kitu ambacho sheria ilimpa bure.

Nawaomba mkisome kifungu hicho kama tunavyosoma shairi darasani, tukiligeuza kila neno. “Kavu” halihitaji mkalimani. Kijiti cha ssenga kinatosha. “Matumizi ya nyumbani” linamfungia mlango mfanyabiashara. “Jamii ya mahali hapo” linanifungia mlango mimi mwenyewe: kwa jinsi ninavyolielewa, mkazi wa Makindye hawezi kukodi gari siku ya Jumapili, akaenda hadi Mabira, akajaza kuni na kurudi akisema kwamba sheria imemruhusu. “Mpango wa usimamizi” linatukumbusha kwamba ziko sehemu za msitu zilizofungwa ili zipumzike, na kwamba kabla ya kuingia yafaa kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu iliyo karibu. Linabaki fungu la maneno gumu kuliko yote: “kiasi cha haki.” Sheria haikutaja kilo. Haikutaja idadi ya matita.

Wanasheria wanaweza kubishana juu ya maneno hayo mpaka jua litue. Mimi nadhani ssenga alikwisha kuyafafanua. Kila mtu alibeba alichoweza kukibeba kwa kichwa chake, kutoka msituni hadi nyumbani, bila kupumzika zaidi ya mara moja. Tita lake lilikuwa kubwa. La kwangu la wastani. La yule mvulana mdogo lilikuwa fito sita, naye alizibeba kwa majivuno ya mtu aliyebeba nyumba. Aliyetaka kuchukua zaidi shingo yake ilimkanya. Msitu ulipungukiwa na kile ambacho familia moja ingekitumia siku tatu, na siku ya nne tulirudi tukakuta matawi mengine yameanguka. Lori halina shingo. Litapakiwa mpaka magurudumu yalie, na kesho yake litarudi.

Sasa niwageukie majirani zangu wa Makindye, pamoja na nafsi yangu, maana wengi wetu tunajisifu kwamba hatukati miti. Ni kweli. Tunanunua mkaa. Pita Kibuye, pita Katwe, pita Kansanga jioni uone magunia yaliyosimama kando ya barabara kama askari wa zamu, na mkaa uliopimwa kwa kopo kwa wasioweza kununua gunia. Nyumbani kwangu sigiri huwaka kila siku, na ninakiri kwamba kwa miaka mingi sikuuliza mkaa ule umetoka wapi. Katika tanuri la udongo, lile la kufunika magogo kwa nyasi na mchanga, hutumika kilo tano hadi kumi za miti kupata kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti huishia kuwa moshi kabla gunia halijafungwa. Kwa hiyo mama wa Makindye anayeinua kipande cha mkaa kwa ncha za vidole, akiogopa kuchafua kucha, ameinua mti mkubwa kuliko tita lililowahi kubebwa na ssenga. Tofauti ni kwamba yeye hakuuona ukianguka.

Wenzetu wa kaskazini waliuona. Huko Acholi miti ya shea, ambayo mbegu zake huwapa wanawake mafuta ya kupikia na ya kujipaka, na ambayo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, ilikatwa ikachomwa kwa ajili ya majiko ya mijini. Mwezi Mei mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika eneo hilo. Nayaona magunia bado yako Kibuye. Amri inaweza kumzuia mchomaji aliyeko mbali. Haiwezi kuniuliza mimi jikoni kwangu.

Yule bwana wa koti refu alisema kwamba kuni ni za serikali. Kauli hiyo ina historia ndefu. Katika Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900, maili za mraba 1,500 za misitu ya Buganda ziliwekwa chini ya utawala wa Waingereza, na tangu hapo mwananchi amezoea kuuona msitu wa hifadhi kuwa mali ya mtu mwingine, mtu mwenye bunduki. Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema vingine. Ibara ya 237 inaeleza kwamba serikali inashikilia maziwa, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi kama amana kwa niaba ya wananchi. Wanafunzi, zingatieni neno amana. Anayewekewa amana hupewa kitu akilinde. Hapewi akiuze, wala hapewi amtoze mwenyewe anapokuja kukitazama.

Mwaka 2007 watu wa Kampala walilielewa neno hilo bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Serikali ilikusudia kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu mzima, ili zipandwe miwa. Mwezi Aprili watu waliandamana mjini, fujo zikatokea, na wako waliopoteza maisha. Jambo hilo lilikuwa la aibu na la huzuni, na sitalipamba. Mpango ulisitishwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo, na nakumbuka ssenga alipoletewa habari hizo aliuliza swali moja tu: hekta 7,100 ni vichwa vingapi vya kuni? Hakuna aliyeweza kumhesabia.

Narudi kwa mwenzangu aliyenishitaki kwa ajira ya watoto. Ibara ya 34 ya Katiba inamlinda mtoto wa chini ya miaka kumi na sita dhidi ya kazi yenye hatari au inayomharibia masomo, na mimi naunga mkono kila neno lake. Ziko nyumba ambamo mtoto, mara nyingi msichana, mara nyingi yatima aliyeletwa kutoka kijijini, huamshwa kabla ya jua na kutumwa kuni peke yake, akafika shuleni saa nne akiwa amelowa jasho, akasinzia. Nimewafundisha watoto wa namna hiyo. Huo si msaada wa kifamilia, hata kama anayemtuma anaitwa mama mkubwa. Msaada ni pale mtu mzima anapokwenda naye, anapobeba zaidi yake, anapolishika shoka wakati mkono wa mtoto umechoka. Na nimkubalie mwenzangu jambo moja: Jumamosi ile nilimwachia kijana shoka muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu baba mwenye nyumba alikuwa bado kwenye simu. Nilipoliona panda la kidole gumba limeanza kuvimba ndipo nilipomnyang’anya. Hakufurahi. Lakini kosa langu lilikuwa la muda na kipimo, na tunarudi pale pale penye neno kiasi.

Niliahidi kuwarudia kaka zangu waliobaki wakicheza mpira. Barani kwetu kuni zimekuwa mzigo wa wanawake na wasichana kwa muda mrefu kiasi kwamba wanaume wengi wanaweza kukutajia bei ya gari lolote lakini hawajui tita moja huivisha sufuria ngapi za maharagwe. Mtu asiyebeba hajui kiasi, na asiyejua kiasi ndiye tunayempa kiti cha kuamua juu ya misitu. Kwa hiyo Jumamosi, tita lilipofungwa, nilimpa ngata yule mvulana. Alinitazama kana kwamba nimempa gomesi avae. Alitaka kwenda kuazima baiskeli, nikakataa. Alitembea mita mia nne za barabara ya Makindye akiwa na kuni kichwani, waendesha bodaboda wakimpigia honi, na msichana mmoja wa darasa lake akasimama kabisa kumtazama. Alikwenda safari tatu. Safari ya tatu alianza kubishana na dada yake kuhusu namna bora ya kusokota ngata.

Msinielewe vibaya. Siandiki kusifu moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kila aliyelelewa katika jiko la kuni anakumbuka macho ya nyanya yake. Siku gesi na umeme vitakapokuwa rahisi kwa mama wa Makindye, nitakuwa wa kwanza kuipeleka sigiri yangu makumbusho. Lakini siku hiyo haijafika, na hata itakapofika, atakayelipa umeme atahitaji kujua kiasi.

Linabaki jambo la lugha, ambalo linanihusu kwa kazi yangu. Kifungu kile cha 33 kimeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya nchi yetu kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni vizuri. Lakini lugha rasmi isiyobeba sheria hadi kwa mwenye kuni ni rasmi ya jina tu. Kwa hiyo kazi ya wiki hii si insha. Kila mmoja wenu akitafsiri kifungu hicho kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwao, katika sentensi ambazo mtu aliyeishia darasa la nne atazielewa akisomewa mara moja. Mwenye jamaa wanaoishi kando ya msitu wa hifadhi na awapelekee likizo ijayo. Mwenyekiti wa kijiji akikubali, kisomwe mkutanoni. Mtakaposhindwa kuyatafsiri maneno “kiasi cha haki,” ulizeni shangazi zenu kabla ya kuniuliza mimi.

Ama kuhusu mfenesi, matawi yamekwisha, na mzee ameanza kutafuta mtu wa msumeno wa kupasulia shina liwe mbao. Fungu letu tumelipanga nyuma ya nyumba chini ya upenu, karibu na mafiga matatu tunayochemshia maharagwe wageni wanapokuwa wengi, na binti ameandika tarehe ukutani kwa chaki. Kuni bado mbichi. Zitahitaji miezi kadhaa. Kila jioni kaka yake huchomoa kijiti kimoja na kukivunja karibu na sikio. Mpaka jana kilikuwa bado kinapinda.